Mgomba Uliozikwa Limuru

Wanza na Dancan walifungwa pamoja kabla hata ya kujuana majina. Ilikuwa jioni pale Feri, kivuko kimetoka Likoni kimejaa, na umati ukipanda mteremko kuingia kisiwani. Wanza alikuwa akirudi kutoka kumwona shangazi yake, amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri. Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu wa shati jeupe, amebeba begani feni kuukuu ya kusimama aliyoinunua ng'ambo ya Likoni. Waya wa feni ulikuwa ukining'inia. Plagi ikanasa kwenye mkono wa mkoba wa Wanza, na kila alipovuta, feni na mwenyewe vikamjia.

"Kaka, umenikamata," alisema bila kugeuka.

"Samahani, dada. Ni feni hii. Mimi mwenyewe ningeanza kwa salamu."

Hawakuweza kusimama, kwa vile watu walikuwa wakiwasukuma. Walipelekwa hivyohivyo hadi juu, wakapita wauza njugu na wauza maembe ya pilipili, mpaka mama mmoja wa viazi karai alipowahurumia akawanasua huku akicheka hadi machozi. Wakanunua viazi vyake kwa haya. Wakala, wakatajiana majina, na Dancan akaomba namba ya simu ili, kama alivyosema, aulize hali ya mkoba.

Akauliza kweli. Kila jioni simu ya Wanza ililia.

"Mkoba hajambo?"

"Mkoba mzima. Mwenye mkoba ndiye ana njaa."

"Basi njoo Mji wa Kale, mpenzi, Bi Khairiya amepika mbaazi za nazi."

Bi Khairiya alikuwa mjane mwenye nyumba, na Dancan, karani wa wakala wa forodha pale Kilindini, alipanga chumba chake cha juu. Alikuwa Mkristo wa bara, naye Bi Khairiya mtu wa pwani wa dini nyingine, lakini bibi huyo alimwita mwanangu, akamfulia shuka na kumgombeza akichelewa. Alimpenda Wanza mara tu alipomwona, akamwambia kijana wake wazi kwamba msichana wa kucheka namna ile haachwi akae kwao mpaka achukuliwe na mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Babake Wanza, fundi wa reli aliyestaafu, aliyekaa Changamwe, alisema hatazungumza na kijana yeyote aliyekuja peke yake. Aje na watu wake. Na Dancan hakuwa na watu. Babake alifariki zamani, na mamake, alisema, alikufa mwaka ule ule yeye alipopata kazi bandarini. Kila Wanza alipomuuliza zaidi, alipapasa kovu lililopinda juu ya jicho lake la kushoto, lile alilosema alilipata kwa kuanguka mtini utotoni, kisha akabadilisha mazungumzo.

Wanza alifanya kazi katika ghala la chai. Kutwa aliteremsha vikombe vyeupe, akavipanga na kumimina chai ya kuonjwa kabla ya mnada, ila mti wa chai wenyewe hakuwahi kuuona. Kwa hiyo mwajiri wao alipotangaza kuwapeleka wafanyakazi safari ya siku moja, ndege ya alfajiri hadi Nairobi, gari la watalii hadi mashamba ya Limuru, kisha kurudi jioni, alifurahi kama mtoto. Kila mtu aliruhusiwa mwenzake mmoja. Alimpigia Dancan papo hapo.

Dancan akasema, "Huko ndiko nilikozaliwa, Wanza. Na huko sina mtu. Nenda wewe. Mimi ukinipeleka utanirudisha nusu."

Waliagana kwa baridi kidogo siku hiyo.

Limuru ilimpokea Wanza kwa ukungu. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi na sweta la kuazima lililomfika magotini, na bado meno yalimgongana. Mwongozaji wao, msichana mcheshi aliyeitwa Trizah, mwenye koti jekundu na kofia ya sufu, aliwatembeza katikati ya mistari ya michai. Vilima vilikuwa kijani kitupu hadi macho yanapokoma. Trizah akawafunza kuchuma majani mawili na kichipukizi chake, akawacheka walipong'oa matawi mazima. Wanza alisahau kununa kwake, akampigia Dancan simu akiwa amezama hadi kiunoni katika michai.

"Kwenu kuna baridi ya jokofu."

"Vaa sweta, mpenzi wangu. Usiniletee mafua pwani." Sauti yake ilikuwa imelainika. Wanza akacheka, akaona wamepatana.

Baada ya hapo Trizah aliwapeleka kwa mkulima mdogo aliyepakana na shamba kubwa, mama mmoja aliyezoea kuwakaribisha wageni kwa chai na nduma, yaani magimbi ya kuchemsha. Jina lake lilikuwa Wairimu, na wote walimwita Mama Wairimu. Alikuwa mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. Aliwaketisha sebuleni, akamkabidhi Wanza kikombe kilichojaa. Wanza akainua macho kushukuru, na ukutani, nyuma ya bega la mama, akamwona Dancan.

Alikuwa kwenye fremu iliyozungushiwa maua ya plastiki. Kijana zaidi, mwembamba zaidi, lakini kovu ni lile lile, juu ya jicho lile lile, na tabasamu la upande mmoja. Wanza alijiambia huenda ni ndugu yake, maana damu hufanana. Akauliza yule pichani ni nani.

"Ni Dancan wangu," alisema Mama Wairimu. "Mmoja tu niliyezaa. Nyinyi mmetoka Mombasa, sivyo? Bahari yenu ndiyo iliyonichukulia."

Alieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia machozi yote. Mwanawe alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Alipoacha kuandika na kupiga simu kwa majirani, shemeji yake Maxwell, mdogo wa marehemu mumewe, aliteremka kumtafuta. Alirudi na habari kwamba kijana alizama kwenye kivuko na mwili haukuonekana. Wazee wakamshauri mama, kama wanavyofanya watu wasiorudishiwa maiti, wazike mgomba badala yake ili nyumba ipate kutulia. Akaonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Mwisho wa mistari ya michai palikuwa na tuta dogo lililopandwa maua. Michai yenyewe, alisema, siku hizi huchumwa na Maxwell, kwani yeye hana tena wa kumwachia.

Wanza alishika kikombe kwa mikono miwili na hakuhisi kwamba kinamuunguza. Aliyelala kwenye tuta lile alikuwa amemwambia avae sweta muda mfupi uliopita.

Akatoka nje akisema anataka hewa. Simu ikalia mkobani. Jina la Dancan likawaka kwenye kioo, naye akalitazama mpaka likazima lenyewe. Hofu ilimjia kwanza, hofu ya kipumbavu ya mizimu ambayo hakuwahi kuiamini. Kisha ikaja hasira. Mtu gani humzika mamake akiwa hai? Mtu gani humwacha mwanamke huyu alie miaka yote hii, kisha akaja mjini kubeba feni na kuwachekesha wasichana? Lakini hakuthubutu kumwambia mama kitu. Kama amekosea, atamuua. Na kama hakukosea, ataanzia wapi? Alirudi ndani, akaomba kupiga picha naye, akachukua namba ya simu kwa kisingizio cha kumtumia picha hiyo. Ndani ya ndege aligeuza uso dirishani, na wenzake wakadhani ni uchovu.

Jioni ile hakujibu simu hata moja. Kesho yake, alipotoka kazini, alikwenda moja kwa moja Mji wa Kale. Dancan alishuka ngazi akiwa amevaa kikoi na fulana, miguu mitupu, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Bi Khairiya, aliyekuwa akichambua mchele uani, alitaka kuwapisha, lakini Wanza alimwomba abaki.

"Mamako alikufa lini?"

"Unanikatia simu siku nzima, kisha waja na swali hilo?"

"Nijibu, Dancan."

Alijibu. Mwezi ule wa kwanza bandarini aliibiwa simu pamoja na namba zote alizokuwa nazo. Alipopata nyingine, namba pekee aliyoikumbuka kichwani ilikuwa ya baba yake mdogo Maxwell, kwa kuwa mama hakuwa na simu wakati huo. Akampigia. Maxwell akamwambia mama amekufa kwa nimonia, wamemtafuta yeye wakamkosa, wameshamzika na kumaliza matanga. Alilia kwenye ngazi zile zile, na Bi Khairiya alimwona. Hakurudi tena bara kwa aibu ya kutomzika mamake.

Wanza akampa simu yake, picha ikiwa wazi. "Hii nimeipiga jana. Nyumbani kwake."

Dancan aliitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza, akaikuza tena. Akakaa kwenye ngazi.

"Nani amekupa picha hii?"

"Nimo ndani yake, Dancan. Jitazamie."

"Kuna mambo hayachezewi, Wanza." Alisimama, akamrudishia simu bila kumwangalia, akatoka kichochoroni na miguu yake mitupu.

Wanza alibaki hapo akilia. Alijua kwamba huenda amempoteza, na dakika hiyo hiyo akajua kuwa hakumdanganya, kwani uso ule haukuwa wa mwongo. Bi Khairiya aliweka chini ungo, akavaa buibui lake na kumwambia amfuate.

Walimkuta karibu na Ngome ya Yesu, ameegemea ukuta, wauza vinyago wakifunga meza zao. Hakuwatazama. Bi Khairiya akamsogelea.

"Mwanangu, likiwa ni la uongo, simu moja itatujulisha. Likiwa la kweli, kila dakika ukaayo hapa unamdhulumu mamako. Utapiga wewe, au nipige mimi?"

Akaichukua simu ya Wanza, akapiga mwenyewe. Akajitambulisha kwa Mama Wairimu kuwa ni mama mwenziwe wa Mombasa, akamwuliza kama yuko na mtu karibu, akamwomba aketi. Alimweleza polepole, kama anayemvua mtu mwiba. Kisha akampa Dancan simu.

"Maitu," alisema Dancan, yaani mama. "Ni mimi."

Simu ikakatwa.

"Ameniogopa," alisema Dancan. Wanza akamshika mkono, na hakuuondoa. Alijua vizuri kilichompitia yule mama. Siku hizi matapeli hupiga simu wakijifanya mtu yeyote, na huyu alijifanya maiti.

Simu ikalia. Dancan akaiweka kwenye kipaza sauti wasikie wote. Mama aliuliza swali fupi kwa lugha yao, na Dancan akajibu, machozi yakimshuka. Wanza hakuelewa neno. Alichosikia ni ukelele uliotoka upande wa pili, ukelele mrefu uliowafanya wauza vinyago wageuke wote, kisha jina la Dancan likirudiwarudiwa.

Baadaye ndipo alipowatafsiria. Mama aliuliza kovu la usoni alilipata wapi, naye akamjibu, "Si kwa kuanguka mtini. Ulinipiga kwa mwiko, ukajuta, ukaniomba niseme nimeanguka."

Dancan alitaka kupanda basi saa hiyo hiyo. Mama akamkataza, akasema hataki Maxwell amwone kabla wazee hawajaarifiwa, na kwamba yeye mwenyewe atateremka kuuona mji aliousingizia bure. Wazee wakaitwa. Maxwell hakungoja kuulizwa. Aliondoka bila kumuaga hata mkewe, shamba likarudi mikononi mwa mama, na mgomba ule, uliokwisha kuwa udongo, ukafukuliwa wakatupa kilichobaki.

Siku ya Jumamosi walikwenda watatu stesheni ya Miritini kumpokea, Bi Khairiya akiwa na sahani ya mahamri kwenye kitambaa. Mama Wairimu alishuka garimoshi na sweta lake la bara katika joto lile la Mombasa. Hakupiga kelele. Alimpapasa mwanawe uso, masikio, mabega, kama anayechagua kitu sokoni, kisha akampiga kofi dogo begani kwa kuwa hai bila habari, ndipo akamkumbatia. Walisimama hivyo mpaka abiria wote walipopita.

Halafu akamgeukia Wanza.

"Wewe ulikunywa chai yangu na kula nduma zangu. Ulijua, ukanyamaza."

"Niliogopa, mama. Sikujua nitaanza vipi."

"Mimi ningepiga kelele nyumba nzima ikimbie," alisema mama. "Anayeweza kunyamaza namna hiyo ataweza kuishi na huyu. Kwenu ni wapi?"

"Changamwe, mama."

"Ni mbali na hapa?"

"Si mbali."

"Babako yuko nyumbani leo?"

Wanza akamtazama Dancan, naye Dancan alikuwa amekodoa macho kama yeye. Akajibu kuwa yuko, hukaa barazani kila Jumamosi. Mama Wairimu akampokonya Bi Khairiya sahani ya mahamri, akasema hiyo itafaa, maana hawezi kwenda kuposa mikono mitupu. Bi Khairiya alikubali papo hapo, akaanza kutafuta tuktuk mbili. Dancan alijaribu kusema kwamba mama ni mchovu, apumzike kwanza, waende wiki ijayo.

"Nilipumzika nilipokuzika," alisema mama, akapanda.

Ndani ya tuktuk ya pili, Wanza na Dancan walikaa wametengana kidogo, kama watu waliopigwa na radi wakabaki wazima. Mbele yao waliona kitambaa cha mama na buibui la Bi Khairiya vikiegemeana, wazee wawili wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani, wakizungumza bila kukoma.

"Wanza," alisema Dancan. "Sijakuuliza."

"Basi uliza. Tukifika pale kwenye duka la kona utakuwa umechelewa."

Akamuuliza. Duka la kona lilipowapita, Wanza alikuwa ameshakubali.