Tumekubakishia

"Kastadi imepoa?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya mdogo wangu akiwa jikoni, ameinamia bakuli la kioo, vidole vyekundu kwa stroberi. Aliyeutuma ni mumewe. Na mumewe hakuwa safarini wala kazini. Alikuwa sebuleni kwa mama yake, nyuma ya ukuta wa jiko hilo hilo, amekaa na dada zake, amenyoosha miguu.

Mtu na mkewe, ukuta mmoja katikati, wanaandikiana.

Akamjibu kwa kidole cha mwisho, ndicho pekee kilichokuwa kikavu: "Bado."

"Watu wanauliza."

Huo hakuujibu. Kastadi ni rojo tamu la maziwa; haipoi haraka kwa sababu watu wanauliza. Ukiimwaga ya moto juu ya keki, keki inakuwa uji. Ukiiwahi na krimu kabla haijatulia, krimu inazama, na kazi ya asubuhi nzima inageuka tope la waridi. Kwa hiyo alisubiri, kiganja ubavuni mwa sufuria kama mtu anayempima mtoto homa, na alipokuwa anasubiri akanipigia mimi, dada yake.

"Wamekupa kiti?" nikamuuliza kabla ya salamu.

"Hata bakuli sijapeleka."

"Sijakuuliza bakuli."

Kwenye simu nikasikia kicheko kikubwa cha watu wengi, kicheko ambacho hakikumhusu.

"Dada, nimeamua," akasema. "Leo wakiniita nikae nao, nabaki, na sitakuchosha tena na maneno haya. Wasiponiita, nakuja kwako. Kile kitanda bado kipo?"

"Kipo. Shuka nimeshabadilisha."

"Ulijua?"

"Nina macho, mdogo wangu."

Wengine wakikosewa husahau, na watu huwasifu kwa moyo mweupe. Mimi moyo wangu una rangi zake, na kila rangi ninajua imetoka wapi.

Ninamkumbuka shemeji yangu huyo, fundi wa mafriji, siku alipoitwa kwenye hoteli alikokuwa akifanya kazi mdogo wangu. Chumba cha baridi kilikuwa kimekufa, krimu inaanza kuchacha, na meneja anatukana hewa. Fundi alikaa mle mchana kutwa. Mdogo wangu alikuwa akimpitishia vipande vya kingo za keki, vile vinavyokatwa ili bakuli lipendeze, amevichovya kwenye maji ya stroberi. Wakavila wamesimama, kijiko kimoja. Akamuuliza, nikikuoa nitakuwa nakula hivi kila siku? Mdogo wangu akamjibu kwamba akimuoa watakula wamekaa, kama watu. Wakacheka. Walipooana, mdogo wangu akaacha kazi hotelini, kwa sababu bwana harusi alitaka mke wa nyumbani.

Sasa, ukoo wa shemeji una kawaida yake. Kiangazi, stroberi na forosadi zikijaa sokoni, wanakusanyika kwa mama yao kusherehekea kuzaliwa kwake. Mwaka wa kwanza bibi harusi alitengeneza bakuli: keki chini, matunda juu yake, kastadi, keki tena, matunda tena, krimu juu kama wingu. Kwenye vitabu wanakiita kitindamlo. Wale wanaliita bakuli, basi, na tangu siku ile hakuna sherehe bila bakuli. Mwaka ule viti vilipungua. Mumewe akamfuata jikoni, akamwomba akae huko kidogo, atamwita.

Hicho kidogo hakijaisha.

Mwaka mwingine walilipiga bakuli picha, mkono wake ukaonekana pembeni. Picha ilipotumwa kwa ndugu, mkono ulikuwa umekatwa. Kuna mwaka alitoka kwenye msiba wa baba yetu, macho bado yamevimba, na swali la kwanza mlangoni likawa kama kastadi imepatikana. Jina lenyewe hawamwiti. Wanamwita Mama Kastadi. Mwanamke aliyetamani mtoto mpaka akaacha kutamani, wamempa umama wa unga wa kwenye kopo, na wanadhani ni utani mzuri.

Siku hiyo basi, kastadi ikapoa. Akapanga tabaka zake bila haraka, akapangusa kioo kwa nje, akalibeba bakuli kama anayebeba maji ya kuoga mgonjwa. Sebuleni wakaguna kwa raha. Akasimama. Akawapa nafasi, niamini: alisimama pale zaidi ya inavyohitajika kuweka bakuli mezani. Mama mkwe akasema vijiko havitoshi. Akaenda kuvileta. Aliporudi, wifi mdogo alivipokea mlangoni, akamshukuru, akaurudishia mlango kwa sababu ya nzi.

Akabaki amesimama karibu na sinki, akisikia vijiko vikigonga kioo. Simu ikalia.

"Safi sana. Wamependa." Na kidole gumba.

Halafu mlango ukafunguka, akaingia wifi mkubwa na bakuli. Chini lilikuwa na maji mekundu, kipande cha keki kilicholowa, na forosadi chache zilizokimbia vijiko.

"Wifi, tumekubakishia."

Alilisema kwa wema. Hilo ndilo lililomuumiza mdogo wangu. Kuna kuwekewa na kuna kubakishiwa. Anayewekewa amekumbukwa kabla watu hawajala. Anayebakishiwa amekumbukwa watu walipokwisha kushiba. Miaka yote alikuwa akilipokea neno hilo na kusema asante, na siku hiyo ndiyo kwanza akalisikia.

"Kwa nini hamkuniita?" akauliza.

Wifi mkubwa akashangaa, na si mshangao wa kuigiza. "Kukuita wapi?"

"Mezani."

"Si wewe hupendi?"

"Sipendi nini?"

"Kukaa na watu. Kaka alituambia tangu mwaka ule wa kwanza. Mwacheni, mke wangu hapendi kukaa na watu, raha yake jikoni." Akashusha sauti. "Kusema kweli, wifi, sisi tulidhani unatuona si saizi yako. Mtu wa hotelini."

Mdogo wangu aliniambia kwamba hapo masikio yalimziba. Upande huu wa ukuta yeye alikuwa akilia kwamba wanamdharau. Upande ule wao walikuwa wakinong'ona kwamba anawadharau. Na katikati yao mwanamume mmoja anakula kwa starehe, kwa kijiko kikubwa.

Akanawa mikono. Akakausha kidole kimoja kimoja. Akaingia sebuleni.

"Nani alikuambia mimi sipendi watu?"

Fundi akashusha kijiko. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tunaandikiana. Niambie hapa."

Shemeji akatazama sahani yake kama yenye majibu.

"Viti vilipungua siku ile," akasema. "Ningemwinua nani? Nimwinue mjomba? Nikasema hivyo ili yaishe. Mwaka uliofuata wakauliza tena, nikarudia. Baadaye hawakuuliza tena."

"Na mimi je, mbona hukuniuliza?"

"Hukuwahi kulalamika."

"Nililalamika. Baada ya msiba wa baba nilikuambia nimechoka. Ukaniambia, pumzika ukimaliza."

Wifi mdogo akainuka, uso umemwiva kwa aibu, akamsogezea kiti chake mwenyewe na kumwomba akae. Mdogo wangu akakishika mgongo kile kiti. Aliapa akiitwa atabaki, na sasa ameitwa. Alikuwa ameshaanza kukizunguka ili akae.

Mama mkwe naye akataka kusaidia. "Mkalisheni, jamani, mkalisheni mwenzenu," akasema. Kisha, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu ya mdomo: "Sasa chai ataileta nani?"

Na macho yote, kwa mazoea yale yale, yakamgeukia yeye. Ya mumewe yakiwamo.

Akakiachia kiti. Akachukua mkoba wake jikoni na kutoka kwa mlango wa nyuma, njia aliyokuwa akiitumia kila mwaka.

Usiku ule kwangu alilala kama mtu aliyeanguka kutoka juu. Kesho yake simu yake ililia mchana kutwa, nami niliusoma ujumbe mmoja mmoja, kwa kuwa yeye hakutaka. "Uko wapi." "Mama analia." "Unanitia aibu kwa watu." "Rudi tuongee." Nikamwambia afadhali huyu fundi angekuwa anatengeneza simu, angejua kwamba pia zinapigwa. Akacheka kidogo, kisha akageukia ukuta. Usiku wa siku zilizofuata nilikuwa nikimsikia akitembea chumbani, peke yake, kama aliyezoea nyumba kubwa yenye watu upande wa pili wa ukuta. Upweke wa ndoa ni mbaya kuliko wa ujane, kwa sababu mjane angalau hupewa pole.

Ukaja ujumbe wa wifi mkubwa. Huo aliusoma mwenyewe, akaurudia, akaniletea jikoni nami niusome.

"Wifi, kaka amekuja kwangu leo kukiri. Amesema alikusingizia, na anapita kwetu sote, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mjomba. Tumepoteza miaka bure. Nikija kukuona, utanipokea?"

Akamjibu kwa neno moja: "Njoo."

Jioni moja, jua bado lipo, mlango wangu ukagongwa. Fundi, na ovaroli la kazini, mikono myeusi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umemfuata mpishi?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Mpishi hayupo. Mke sijui kama bado yupo, ngoja nimuulize."

Hakukasirika. Akasubiri kibarazani mpaka mdogo wangu alipotoka. Wakakaa kwenye ngazi, pengo la mtu mzima kati yao. Mimi niliacha dirisha la jikoni wazi, na siombi radhi.

"Nimewaambia wote," akasema. "Ana kwa ana, si kwa simu. Mjomba amenitukana."

"Amekutukanaje?"

"Kwamba yeye angekaa chini kwenye mkeka, na asingekufa."

Nikajua mdogo wangu anatabasamu na hataki aonekane.

"Sijui kama nitarudi," akamwambia.

"Najua."

"Na nikirudi, kuna siku nitakaa tu. Sitapika kitu."

"Sawa."

"Unasema sawa haraka sana."

Akafikiri. Kisha akamgeukia, akamtazama vizuri, kama anavyotazama mashine asiyoijua kabla hajaigusa. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Mtu yeyote angeliona hilo.

"Umekula?" akamuuliza.

Swali la kila mlango, la kila jirani. Mdogo wangu akatafuta mara ya mwisho aliyoulizwa hivyo na mumewe, na najua hakuipata kwa sababu alianza kulia, taratibu, bila kujifunika uso.

"Bado," akasema.

Shemeji akainuka. Akaingia jikoni kwangu na ovaroli lake, akanawa mikono mpaka viwiko, akageuka huku na huku asijue aanzie wapi. Hakuniomba msaada, nami sikumpa. Bado simwamini.

Nikamwonyesha tu sahani zilipo.