Kaburi Ndani ya Uzio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpelekea baba yake chai kwenye lango la hifadhi ya msitu. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na maneno mengi. Baba yake alikuwa mlinzi. Wazungu walipopita na mbwa wao, aliwapungia mkono tu. Akitokea mtu mweusi, alimsimamisha na kumhoji.

"Baba, mbona wale huwaulizi?"

"Ndiyo amri ya meneja. Wahi shule."

Bibi yake Chiriku, mzaa mama, alizaliwa ndani ya msitu huo. Zamani watu weusi wote walihamishwa kwa nguvu, ukawekwa uzio. Mtoto wake wa kwanza alibaki huko, kaburini.

Jumamosi moja bibi alichukua jembe dogo, akamshika Chiriku mkono, wakapenya uzio kwenda kupalilia kaburi. Hawajamaliza, walinzi wakawazunguka. Bibi akasukumwa, akaanguka, akavunjika mkono.

Meneja alimwita baba. "Andika ripoti kwamba huyo bibi amekutwa akitega wanyama."

Baba akaandika. Bibi akawekwa mahabusu.

"Ukiulizwa, hukuona kitu," baba alimwambia Chiriku nyumbani, macho chini. "Nikifukuzwa, tutakula nini?"

Siku ya kesi, hakimu aliuliza kama kuna shahidi. Chiriku alisimama.

"Bibi hakutega kitu. Alikuwa anapalilia kaburi la mwanawe. Nilikuwepo."

Hakimu akamgeukia baba. Baba akasimama.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika uongo, kwa amri ya meneja, aliyeniamuru pia niwahoji weusi tu langoni."

Bibi aliachiwa. Hakimu aliamuru watu wa rangi zote wapite langoni kwa masharti yaleyale, na wenye makaburi wasizuiwe. Ardhi yenyewe haikurudishwa. Baba alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, na mkono wa bibi haukunyooka tena.

Jioni baba alipiga magoti mbele ya mkwewe.

"Inuka, baba," bibi alisema. Kisha akamvuta Chiriku karibu. "Siku tulipohamishwa, mjukuu wangu, walioona walikuwa wengi. Kila mmoja alinyamaza, akihofia kupoteza kidogo alichonacho. Ukiona mtu anaonewa kwa sababu ya rangi yake, sema ulichokiona, hata ukiwa unatetemeka. Tungepata mmoja tu wa kusema, pengine mwanangu nisingekuwa namtembelea kwa kujificha."