Nafasi ya Godoro Moja

Time aliporudi kutoka kisimani alikuta godoro lake limebonyea katikati. Alikuwa ameliacha limekunjuliwa sawasawa tangu alfajiri. Sasa usufi wake ulikuwa umezama kama uliokaliwa na mtu mzito aliyeinuka punde, na palinuka nywele zilizoroa.

Alikuwa ametoka Konde kuja Gando kumtazama shangazi yake, Bi Mwanapili, mjane asiyebakiwa na mtoto. Habari zilizomfikia zilikuwa za aibu: bibi huyo hatupi kitu. Nyumba ilijaa mpaka kwenye makuti, magunia ya karafuu yasiyo na karafuu, makopo ya samli, vyungu vilivyopasuka, vifuu, makanda, nguo za marehemu. Jirani yake, Shaame, alisema dawa ya nyumba ile ni kiberiti.

Time hakuja na kiberiti. Alikaa chini na shangazi yake, akainua kitu kimoja kimoja.

"Hiki, Shangazi, tukiweke au tukitoe?"

Bi Mwanapili alikishika, akakinusa, akakirudisha palepale. Time hakununa. Siku moja bibi alikubali chungu kisicho na kitako kitoke, siku nyingine magunia yaliyooza. Hivyo ndivyo walivyopata, ubavuni mwa kitanda, nafasi ya godoro moja, ili Time alale karibu naye.

"Shangazi," Time aliuliza sasa, "nani kakaa hapa?"

Bi Mwanapili alitazama godoro, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Nilikuwa na haya kukwambia, mwanangu. Ungesema miye nna wazimu."

Akasimulia kwa kunong'ona. Mumewe, Mzee Matano, alipokufa, watu walikitoa nje kitanda alichofia. Adhuhuri ya siku ya pili, pale kilipokuwa kitanda, alisikia mtu akikaa chini na kushusha pumzi. Akaweka gunia pale, kitu kile kikahamia pembeni. Akaweka mtungi pembeni, kikahamia mlango wa chumba.

"Pakiwa patupu, kinakaa. Miye sikusanyi, Time. Naziba."

Time alimkumbatia. Moyoni alisema ni upweke, upweke humfanya mtu mengi. Lakini jua lilipofika utosini, na kijiji kimenyamaza, na yeye amekaa juu ya kitanda akimchambua shangazi yake mvi, alisikia usufi wa godoro ukilalama taratibu chini ya uzito, kisha pumzi ndefu ikashuka, ndefu kuliko pumzi ya mtu, na ile harufu ya nywele mbichi ikapanda mpaka ikamjaa kooni, naye hakuthubutu kugeuza shingo, kwa sababu mkono wa shangazi yake ulikuwa umemkamata goti.

Jioni yake alikwenda kwa Mwalim Silima, mganga wa kitabu. Mwalim alikuja, akasimama kizingitini, akasikiliza.

"Kiko," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kisomo changu kitapitaje humu? Toeni vitu vyote nje, nizingue pembe zote."

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja. Siasa za vyama zilikuwa zimewagawa watu wa Gando hata hawazikani. Siku ya kutoa vitu walikuja wote, wa chama hiki na wa kile, na Shaame akiwa mbele, akibeba makanda kwa upole na kumuuliza bibi kila mara, "Hapa, mama? Niliweke kivulini?" Ilikuwa huruma ya kweli, na Time alilia kuiona.

Bi Mwanapili alikaa uani. Hakupiga kelele.

"Mnapafanya patupu pote," alimwambia Time.

"Mwalim atakitoa, Shangazi."

"Na asipoweza?"

Time alimfunga kanga vizuri mabegani.

Mwalim alisoma Yasini, akafukiza ubani, akanyunyiza kombe, maji yaliyooshewa aya, kwenye kuta, na ilipoadhiniwa alasiri akatoka na jasho likimtiririka, akasema nyumba ni safi. Watu walipeana mikono, wengine kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, wakaenda zao.

Bi Mwanapili alitangulia kuingia. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, mwanga umejaa. Lakini bibi hakupita katikati. Aliubana mgongo wake ukutani, akavuta tumbo ndani, akasogea upandeupande, kama mtu anayepita sokoni siku ya sikukuu.

"Shangazi, pita tu. Hamna kitu."

Bi Mwanapili alimtazama kwa masikitiko.

Time akatembea moja kwa moja kwenda kufungua dirisha la pili, na hakufika, kwa sababu hatua chache tu kutoka mlangoni bega lake liligota kwenye kitu laini kisichoonekana, akaunyosha mkono kushoto ukagota, akaunyosha kulia ukagota, akauinua juu ya kichwa chake na huko nako, karibu na makuti, kiganja kikakutana na kile kile, kikivimba na kunywea, kikivimba na kunywea, kimeijaza nyumba nzima.

Alirudi kinyumenyume. Alimshika shangazi yake mkono, wakatoka wakaketi barazani, wamebanana, wakitazama nje. Mwalim alikuwa amekwisha kwenda. Hapakuwa na mwingine wa kumwita.

"Tufanyeje, Shangazi?"

"Sijui, mwanangu."

Jua likawa linazama. Nyuma yao mlango ulilia, polepole, kama unaosukumwa kutoka ndani.

"Sogea kidogo," alisema Bi Mwanapili.

Time akasogea.