Jicho la Matamba

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni.

Ya pili ilipita juu ya kofia yake ngumu. Eveline Sanga akalala juu ya tangi la pikipiki, Honda XL, akaongeza mwendo. Mita mia mbili mbele yake, Fuso ya kubebea maparachichi ilikata kona za barabara ya Njombe kwenda Makambako kama gari lisilo na mzigo.

Saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umeganda kwenye misitu ya misindano.

"Mwanzi, hapa Mizizi." Ilikuwa sauti ya Gideoni, mkuu wake wa kazi, kutoka Njombe mjini. Redio ya Motorola ilikoroma sikioni. "Toa ripoti."

"Nawaona. Wawili. Dereva na Korda."

"Una uhakika ni Korda?"

"Anapiga kwa mkono wa kushoto."

"Polisi wamefunga barabara Makambako. Wewe wasukume tu huko."

Kwa miaka tisa ya ujasusi, Eveline alikuwa amefukuzia bunduki na pembe za ndovu. Hakuwahi kufukuzia jicho.

Ndivyo Dk. Nahumu Mlowe alivyokiita kifaa kile jana mchana, kwenye kituo chake cha kutazama nyota juu ya Matamba. Kifaa chenyewe kilienea kiganjani. Kiliona joto pale ambapo macho ya mtu yaliona giza tupu. Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi. Nyuma yake, damu ya fundi wake Elius ilikuwa haijafutwa sakafuni.

"Miaka kumi na miwili tumefuatilia nyota moja, mwanangu," Nahumu alisema. "Mwanga wake unatuambia inavutwa mbele na nyuma. Vipimo vya mahali ilipo angani vinatuambia inasogea na pembeni, kidogo mno. Kuna kitu kikubwa kinaizunguka. Lakini mzunguko mmoja ni miaka thelathini, na sisi hatujaona hata nusu. Inaweza kuwa sayari mara sita ya Mshtarii. Inaweza kuwa nyota iliyoshindwa kuwaka. Unganisha vipimo vyote viwili na picha, hapo ndipo unajua."

"Na picha ziko wapi, Mzee?"

"Elius alizipiga kwa jicho hilo, misimu minne. Mtandao wetu hauwezi kutuma mzigo mkubwa namna ile. Ziko kwenye diski, ndani ya sanduku lilelile waliloiba. Kompyuta yenye nakala wameichoma."

Korda aliishi nao miezi mitatu, mgeni aliyejitambulisha kuwa mhandisi wa mitambo. Wanunuzi wake hawakuwa na haja na sayari. Walitaka jicho linalofuata joto la injini ya ndege, walifunge kwenye pua ya kombora.

"Utanirudishia?" Nahumu aliuliza.

"Nitajaribu."

Elius alifariki alfajiri, hospitalini Bulongwa.

Fuso iliacha lami.

"Mizizi! Wamekata kushoto, kilomita sita kabla ya mji. Wameingia mashambani."

"Huko kuna nini?"

Eveline alivuka kituta cha viazi, akaona. Helikopta nyeupe ilikuwa imetua kwenye shamba lililovunwa mahindi. Panga zake zilikuwa tayari zinazunguka.

"Wana ndege. Polisi watanifikia baada ya muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

"Sina hata mbili."

Fuso ilisimama. Dereva aliruka, akakimbilia msituni bila kugeuka. Korda alishuka akiwa amelikumbatia sanduku la alumini kifuani, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea helikopta.

Gurudumu la mbele la Honda likazama kwenye mtaro.

Eveline alirushwa, akaangukia bega. Alipoinuka kwa magoti, Glock 19 ilikuwa mkononi. Risasi tatu zilibaki.

"Piga, dada!" Korda alipaza sauti kwa Kiswahili safi. "Mzee atakushukuru!"

Akapanda. Miguu iliingia ndani. Kichwa kikajificha nyuma ya nguzo ya mlango. Kilichobaki wazi ni sanduku kifuani pake.

"Mizizi, naona sanduku tu."



"Agizo ni lilelile, Mwanzi. Lisitoke nchini."

"Kuna picha ndani."

"Najua."

Helikopta ilinyanyuka mita moja.

Eveline alipiga zote tatu.

Korda alidondoka kwenye mabua pamoja na sanduku, na hakuinuka tena. Rubani aliishusha helikopta, akatoa mikono miwili dirishani.

Eveline alifungua sanduku. Jicho lilikuwa limebaki vumbi linalometa. Diski ilikuwa na tundu katikati. Aliigeuza mara mbili, kana kwamba upande mwingine ungekuwa mzima.

Alimpigia Nahumu mwenyewe. Hakutaka asikie kwa mwingine.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene. Umelipata?"

"Nimelipata. Nimelipiga risasi mwenyewe. Jicho na diski, vyote."

Upepo ulisikika ukigonga mabati upande wa pili.

"Walionipa hawatatoa jingine," Nahumu alisema. "Na mimi nastaafu Juni. Kituo watakifunga."

"Pole sana, Mzee."

"Mwezi uliopita Elius aliniambia ameona nukta kwenye picha, pembeni mwa nyota. Alitaka kunionyesha. Nikamkataza hata kunitajia iko upande gani. Niliogopa nitaiona kwa sababu naitaka. Nikasema nitazitazama peke yangu, vipimo vikishakamilika."

Akavuta pumzi.

"Sasa hakuna mtu anayejua iko upande gani. Mazishi ni kesho saa nane. Ukiweza, njoo."

Simu ikakatika.

Ving'ora vilianza kusikika kutoka barabarani. Askari walipofika, Eveline aliwakabidhi rubani, sanduku na maiti, akatia saini pale walipomwonyesha.

"Mwanzi, kazi nzuri," Gideoni alisema. "Makao makuu wamefurahi sana. Gari linakuja kukuchukua."

Eveline alizima redio. Alipangusa udongo begani, akapita katikati ya magari ya polisi, akapanda hadi kwenye lami.

Makambako ilikuwa kilomita sita. Akaanza kutembea.