Maua Yanapukutika, Nani Katoka Nje?

"Mmoja wenu anatoka nje ya ndoa."

Mama Ernesti aliyasema hayo akiwa amechutama katikati ya banda, kiganja kimejaa maua ya njano ya nyanya. Hakumtazama mwanawe Laurenti. Alimkazia macho mkamwana wake, Ruthi.

"Unasemaje, mama?" Ruthi aliuliza.

"Nasema ninachokijua. Nyanya na maboga havitaki uchafu. Akiingia shambani mtu aliyetoka kuzini, maua hayashiki. Yanapukutika mabichi, hivi hivi unavyoyaona."

"Laurenti, unamsikia mama yako?"

Laurenti alikuwa anakaza kamba ya mkonge iliyoshikilia mche. Hakugeuka.

"Namsikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nitasema nini, Ruthi? Maua si hayo yanaanguka?"

Jamani! Mke anavuliwa nguo na mama mkwe, na mume anajibu habari za maua. Ruthi alitoka bandani bila kuaga, akapika ugali wa mchana huku machozi yanadondokea kwenye moshi.

Na lile banda lilikuwa ndiyo roho yao. Laurenti alikuwa fundi wa mashine katika shamba moja la mkonge jirani na Kigombe, mpaka bei ya mkonge ilipoporomoka, mashine zikazimwa na mafundi wakaambiwa warudi makwao. Kwao wapi? Baba yake aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea, akazikwa hapo hapo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, foleni za sabuni zimekwisha, kila mtu anatafuta cha kuuza. Laurenti akapata wazo: masika nyanya zote za nje huozeshwa na mvua, na Tanga mjini zinatafutwa kama dawa. Basi yeye atazipanda chini ya paa la nailoni, zisiguswe na tone.

Walilijenga wawili, yeye na Ruthi, kwa milingoti ya mkonge iliyoachwa shambani. Nailoni waliletewa kutoka Mombasa na mchuuzi mmoja wa mpakani Horohoro, mwanamke anayeitwa Queen. Mwenye duka Khozema Esmailji, pale mjini karibu na soko, akaahidi kuchukua mavuno yote. Mambo yakanyooka. Tatizo likaja kwa Mama Ernesti.

"Mtu apitaye njiani akaona nyanya zenu, mtavuna nini? Jicho la watu linaangusha hata mnazi!"

Basi wakashona magunia, wakazungushia banda lote, ubavu kwa ubavu, mpaka mlangoni. Hata nzi hakupata upenyo.

Miche ikarefuka, ikachanua vizuri sana. Kisha maua yakaanza kuanguka.

Tangu siku ile ya mama, nyumba iliingia baridi. Ruthi akitoka kisimani, Laurenti anauliza:

"Mbona umechelewa?"

"Foleni."

"Foleni na nani?"

Naye Ruthi hakubaki nyuma. Mume akirudi kutoka Horohoro, anachukua shati lake kwa kisingizio cha kulifua, analinusa kwanza. Siku moja lilinukia manukato. Alilisugua kwenye jiwe mpaka kola ikachanika.

Wiki hiyo alikwenda mjini kumwomba Khozema avute subira.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyanya wapi? Masika imeshaingia, wateja wananisumbua!"

"Zinakuja, baba."

Simu ya duka ikalia. Khozema alikuwa nyuma, mikono imejaa unga wa dengu.

"Ruthi, pokea hiyo! Mwambie asubiri!"

Ruthi akainua.

"Halo? Duka la Esmailji?" Sauti ya mwanamke, nyororo, yenye haraka.

"Ndiyo."

"Sikiliza, dada. Mwambie Laurenti wa Kigombe kile kitu chake nimekipata. Jumamosi aje mwenyewe Horohoro, asitume mtu. Na mkewe asijue."

Ruthi akashika kaunta.

"Nimwambie nani kapiga?"

"Queen. Ananijua. Na wewe nani, mbona sauti ngeni?"

"Mimi karani."

"Haya, karani, usisahau. Mwenzio ana haraka nacho."

Simu ikakatwa. Khozema akatokea anajifuta mikono.

"Nani huyo? Mbona unalia?"

"Pilipili, baba."

"Pilipili? Mimi hapa nauza dengu!"

Jioni Ruthi alimtengea mume chakula, akakaa mbele yake, akimtazama anavyotafuna.

"Kuna ujumbe wako dukani kwa Khozema. Queen kasema uende Jumamosi. Mwenyewe."

Tonge likasimama njiani.

"Kasema nini kingine?"

"Kingine kipi?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Ni nailoni?"

"Eee. Nailoni."

Mh! Nailoni gani ya kumtoa mtu jasho la paji? Ruthi alikusanya vyombo. Moyoni alishafunga mizigo, ila hakutaka kuondoka na jina la uzinzi ambalo si lake. Yeye Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, aliolewa na Mkatoliki watu wakimwonya, na kaka yake Noa wa Muheza ndiye aliyeonya kuliko wote. Akirudi sasa, watasema karudishwa kwa umalaya. Alitaka kwanza amkamate mwenyewe mwizi wa ndoa yake, amshike kwa mkono.

Jumamosi Laurenti akaenda, akarudi na kitu kimevimba chini ya shati. Hakikuwa nailoni.

Jumapili asubuhi Ruthi akavaa, akachukua kitabu chake cha nyimbo.

"Nakwenda kanisani. Wewe huendi misa?"

"Kichwa kinaniuma leo."

Alifika nusu ya njia, akageuka. Alipolikaribia banda akasikia sauti ya mumewe ndani ya magunia, sauti ndogo ya kubembeleza. Anataja jina, kama la mwanamke, analirudia, ila magunia yanalimeza. Damu ikamchemka Ruthi. Kumbe kamleta mpaka hapa! Ndani ya banda nililolijenga kwa mikono yangu!

Akapiga teke gunia la mlangoni, akaingia.

"Yuko wapi?"

Laurenti aliruka. Alikuwa amepiga magoti peke yake, mbele yake kishimo kipya, mkononi kisu kwenye ala, kimezungushiwa uzi mweusi.

"Yuko wapi Queen?"

"Queen? Hakuna mtu hapa, Ruthi."

"Ulikuwa unamwita nani?"

Laurenti akainamisha kichwa. "Wewe. Lazima jina litajwe."

Ruthi akakitazama kile kisu. Amekulia pwani hii tangu baba yake aliposhuka milimani kutafuta kazi. Nani asiyejua tego?

"Laurenti. Unanitega mimi?"

"Mganga wa Queen kule ng'ambo ya mpaka kasema aliyetoka nje ya ndoa akikiruka hiki, tumbo litamvimba papo hapo. Nilitaka kujua tu. Mama alisema..."

"Mama alisema! Na macho yako wewe yalisema nini? Nililala wapi siku ambayo hukuniona?"

"Maua, Ruthi! Maua yanaanguka!"

"Maua?" Sauti yake ilipasuka. "Unayalilia maua? Haya, yaanguke yote basi!"

Akaurukia mstari wa nyanya uliokuwa karibu na mlango. Alizishika zile kamba, akazitikisa kwa nguvu zake zote, mche hadi mche, analia na kutukana Kishambaa. Mstari mzima ukatetemeka toka juu mpaka chini. Vumbi la njano likamjaa kwenye nywele. Alipofika mwisho hana pumzi, akarudi mlangoni, akamnyang'anya mumewe kisu, akakilaza chini.

"Tazama."

Akakiruka. Akageuka, akakiruka tena.

"Tumbo liko wapi? Limevimba? Haya, zamu yako. Ruka."

Laurenti hakusogea.

"Ruka, Laurenti!"

Alikitazama kisu. Mguu mmoja uliinuka kidogo, ukarudi chini.

"Mganga alisema aliyetega asi..."

"Basi. Nimeshajua."

Siku hiyo hiyo Ruthi alikuwa Muheza kwa kaka yake Noa.

Mvua ilinyesha, ikanyesha, wiki kwa wiki. Ruthi alipalilia magimbi ya kaka yake. Noa alikuwa na adabu ya kutosema "nilikwambia", lakini usoni kalivaa neno hilo kutwa. Mpaka mchana mmoja, mlangoni:

"Hodi!"

Laurenti na mama yake, wameloa chapachapa. Mama Ernesti kabeba kitu kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, shemeji," Laurenti alimwambia Noa.

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Mke wako yupi? Yule mzinzi?"

Mama Ernesti akafungua pindo, akamwaga mkekani nyanya mbichi, za kijani, kubwa kama malimau.

"Zimeshika, mwanangu," alisema, akimtazama Ruthi kwa haya. "Tego limesema kweli. Uliruka mbele ya miche, ikakusafisha. Mimi nimekuja kuomba radhi."

Ruthi alichukua moja, akaigeuzageuza. Furaha ilimpanda, akaizuia.

"Banda zima limeshika?"

"Hapana," Laurenti akajibu. "Mstari wa mlangoni tu. Mingine yote mitupu."

"Mstari nilioutikisa mimi."

"Huo huo."

"Mama, kama ni tego limenisafisha, mbona limesafisha mstari mmoja? Nimeolewa kwenye mstari mmoja?"

Noa alicheka bila kutaka. Ruthi hakucheka. Alikuwa anaangalia nje, nyanya chache za wifi yake zilizojiotea uani kando ya jaa. Mvua imezitia madoa, majani yameungua, lakini zimezaa. Upepo unaziyumbisha, nyuki anatoka ua hili anaingia lile.

"Jamani," alisema polepole. "Hizi za uani kutwa zinatikiswa. Zetu tuliziwekea magunia. Hazikupata upepo, hazikupata hata mdudu. Zilitaka kutikiswa tu, ule unga wa maua uenee! Nimetikisa kwa hasira zangu, zikazaa."

"Ala!" Mama Ernesti akashika mdomo. "Magunia niliyataka mimi."

"Na jina la uzinzi ulinipa wewe, mama."

Bibi wa watu akainama mpaka paji likagusa mkeka. "Nisamehe, mkamwana. Nimekosa, na nitasema nimekosa mbele ya kila niliyemwambia."

Ruthi alimwinua. Kwa mama yalikwisha pale. Akamgeukia mume.

"Wewe bado. Kwa nini hukuruka?"

"Ruthi, mbele ya shemeji..."

"Tego ulilitega kwa siri. Jibu utalitoa hadharani."

"Niliogopa."

"Mtu safi anaogopa nini?"

"Siku moja Horohoro Queen alinishika mkono. Akaniambia mwanamume kama mimi anapotea Kigombe. Sikuutoa mkono. Niliuacha pale, nikafikiri... nikafikiri mengi. Hatukufanya kitu, haki ya Mungu. Nikapanda gari nikarudi. Lakini maua yalipoanza kuanguka nikajua ni mimi. Nikaogopa kuwa ni mimi. Nikatamani iwe wewe."

Noa alisimama amekunja ngumi. Ruthi alimnyooshea kiganja, akae.

Kauli ile ilimwuma kuliko manukato, kuliko simu. *Nikatamani iwe wewe.* Aliirudisha nyanya mbichi mkekani. Kisha akauliza:

"Kisu kiko wapi?"

"Kiko pale pale. Hakuna aliyethubutu kukigusa."

"Twende."

"Umenisamehe?"

"Nimesema twende. Sijasema nimekusamehe."

Walifika jua limetoka baada ya mvua. Kisu kililala mlangoni, ala imeota ukungu. Noa alikuja pia, alisema hakosi hilo hata kwa dawa.

"Ruka," Ruthi alisema.

Laurenti alifunga macho, akafanya ishara ya msalaba, akaruka kama anaruka shimo la nyoka. Akashikilia tumbo. Akasubiri. Wote wakasubiri.

"Linauma?" mama yake akauliza.

"Linauma kidogo."

"Hiyo ni njaa," Noa akasema. "Hujala tangu asubuhi."

Hapo Ruthi alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na sketi yake ya safari, na kicheko kikageuka kilio, na Laurenti akakaa naye tope hilo hilo.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikutegea wewe shimo langu mwenyewe."

"Usinitege tena. Ukiwa na shaka, uliza. Ukitamani, sema, tugombane. Mimi najua kugombana."

"Najua. Nyanya zimeona."

Ruthi akafuta uso, akachomoa kile kisu kwenye ala. Mama Ernesti alipiga yowe. Ruthi hakumjali, alilikaribia gunia la kwanza, akakata uzi wa mshono. Gunia likadondoka. Akakata la pili. Upepo wa baharini ukaingia bandani kwa mara ya kwanza, kamba zote za mkonge zikaanza kucheza, na mpita njia mmoja akasimama na baiskeli yake, akachungulia.

"Loo! Kumbe mna nyanya humu?"

"Karibu, tazama!" Ruthi akamjibu. "Tazama mpaka uchoke!"

Mavuno yalipokomaa, masika haijaisha, Khozema alikuja mwenyewe na gari, akapanga makasha huku akisifu kila nyanya. Wiki iliyofuata Ruthi alikuwa dukani kwake simu ilipolia. Safari hii hakusubiri kuambiwa.

"Halo? Duka la Esmailji? Queen hapa. Nataka kumwachia Laurenti maagizo."

"Sema, dada. Mimi ni yule karani."

"Aa, karani! Mwambie nauliza, kile kitu kilifanya kazi?"

"Kimefanya, sana. Mwambie mganga wako kisu chake kinakata magunia vizuri mno. Na lete nailoni nyingine, tunaongeza banda la pili."

"Atakuja kuichukua lini?"

"Haji," Ruthi akasema. "Nakuja mimi. Mkewe."