Mkanda wa Kiti cha Kuume

Kitu cha kwanza Priscah alichokiona si kutu, ingawa kutu ilikuwepo ya kumtosha kila mtu. Aliona kwamba kiti cha abiria kilikuwa kitupu, na kimefungwa mkanda.

Gitonga, mumewe, aliingia uani kwao Shively, pembeni mwa Louisville, akiwa amefunua paa, kofia bapa kichwani, glavu za ngozi zisizo na vidole mikononi, kama mtu aliyetoka kushinda mbio mahali fulani. Alikuwa ametoka Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kununua kwa bei ya friji ya mitumba gari jekundu la milango miwili ambalo paa lake la turubai lilikuwa na viraka kama suruali ya mtoto mtundu. Siku za kazi Gitonga alikuwa karani wa bima. Sasa alikuwa na mradi. Wanaume wenzake wa kundi lao la simu walikuwa na miradi: mmoja boti ambayo haijawahi kuguswa na maji, mwingine nyuki. Yeye alitaka gari la kufunua paa, alitengeneze kwa mikono yake Jumamosi kwa Jumamosi, ingawa katika miaka kumi na mmoja ya ndoa Priscah hakuwahi kumwona akibadilisha hata balbu bila kuita mtu.

"Huyo uliyemfungia mkanda ni nani?"

"Ah, hiyo? Kengele ilikuwa inanisumbua, Mama Claris. Ting, ting, ting, tangu Columbus. Nilipofika Cincinnati nikachoka, nikafunga, ikanyamaza. Ni mambo ya waya tu. Nitairekebisha."

Priscah alifundisha kemia chuoni na hakuwa mtu wa kutishwa na kengele. Alijua kwamba chini ya kiti kuna kidude cha kuhisi uzito. Hata gari lake mwenyewe lililia ukiweka mfuko wa viazi. Aliinama aufungue mkanda ule. Ulikuwa umekaza. Haukuwa umelala bapa kama mikanda ya viti vitupu inavyolala. Ulikuwa umesimama mbali na kiti, umejipinda kwa nje, umebana kitu. Na ndani ya gari, Kentucky, mwezi wa Julai, mlikuwa na harufu ya sufu iliyolowa na theluji ya siku nyingi.

"Aliyekuuzia alisemaje?"

Gitonga alicheka. "Yule Mkongomani, Kataliko? Alilitoa Buffalo kwenye mnada, likamkalia hapo mwaka mzima. Na unajua Kiswahili chao." Akaivuta midomo mbele kumwigiza: "'Muzee, ile kiti ya kuume, usifunge mukanda yake. Iache ilie. Donc, yaani, ilie tu mupaka ufike.' Sasa mtu mzima aendeshe saa tatu na nusu akisikiliza kengele?"

"Hukumwuliza sababu?"

"Mimi, na digrii zangu, nimwulize mbeba maboksi sababu?"

Priscah alimtazama, akatazama glavu, akaingia ndani kuepua chapati.

Jumapili gari lilipelekwa kanisani kuombewa, maana kwa Wakenya wa Louisville gari halitembei vizuri mpaka lishikwe na mchungaji. Gitonga alisimama mbele akatoa ushuhuda. Alisema alifunga siku saba. (Alikuwa amekula mbavu za nguruwe siku zote saba, Priscah ndiye aliyezichoma.) Alisema alisikia sauti ikimwambia aelekee kaskazini. Hakumtaja Kataliko, hakutaja bei, hakutaja kiti. Watu walishangilia, kisha wakatoka kwenda kulizunguka gari pale kwenye lami ya maegesho, na Pasta Mwaura akalipaka mafuta kwenye boneti, mkono wake ukikawia juu ya rangi nyekundu kuliko maombi yalivyohitaji.

"Sema nami, ndugu: napokea gari hili na vyote vilivyomo."

Katika kanisa lile watu walipokea kila kitu. Walipokea karatasi za ukaazi, waume, kazi za ofisini. Hata sinia la pilau likipita hakukosekana wa kuinua mikono. Priscah kwa kawaida alikohoa mahali hapo.

"Napokea gari hili," Gitonga alipaza sauti, glavu juu, "na vyote vilivyomo!"

Priscah alikuwa amesimama upande wa kiti cha kuume. Aliona mkanda ukilegea taratibu, kama wa mtu aliyeshusha pumzi baada ya kusubiri sana.

Baada ya hapo ilikuwa mambo madogo. Zulia la gari lilikuwa limelowa kila alasiri, na maji yake yalinukia ziwa, samaki na chuma. Kioo cha mbele kiliganda barafu kwa ndani saa sita mchana, ndani ya banda lenye joto la kuivisha mkate. Gitonga alisema ni kiyoyozi. Kiyoyozi hakikuwemo; alikuwa amekinyofoa mwenyewe wiki ya kwanza na kilikuwa mezani, vipande, juu ya gazeti.

Halafu Claris, binti yao wa miaka sita, akaanza kuvaa sweta.

"Mikono yako mbona baridi hivi?" Priscah alimwuliza akimkata kucha.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba ni kwa sababu anti humshika.

"Anti gani?"

Wa kwenye gari. Wa kiti. Amesema watakwenda wote Buffalo, kuna ziwa, anti atampakata Claris njia nzima, haitakuwa mbali.

"Baba Claris," Priscah alinong'ona baadaye jikoni, "liuze."

"Eti liuze! Nilitolee ushuhuda kisha niliuze? Watu watasema nini?"

"Mtoto anasema kuna mtu mle."

"Mtoto anasema pia kwamba paka wa jirani ni daktari."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, Gitonga alikuwa amekwenda kununua skrubu za aina ya tatu. Priscah alikuwa akisahihisha mitihani aliposikia, kutoka bandani, ting, ting, ting. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani mbele yake, kando ya kalamu nyekundu. Aliutazama kwa muda ambao angejilaumu kwa ajili yake maisha yake yote. Kisha kengele ikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomwinua kitini, maana alijua ni kitu gani huinyamazisha, na alikwenda mbio akipita jikoni akibeba mkasi bila kujua ameubeba, akausukuma mlango wa banda na kukutana na baridi iliyomuuma meno, na pale katikati, chini ya taa nyeupe, gari lilikuwa limefunua paa lake lenyewe, na Claris alikuwa kwenye kiti cha kuume lakini hakukikalia kiti, alikuwa amekaa juu zaidi, juu kama mtoto aliyepakatwa, miguu inaning'inia bila kugusa, kichwa kimelala nyuma juu ya hewa tupu kama kwamba hewa ina bega, na mkanda ulikuwa umempita mbele ukamzunguka yeye na ile nafasi iliyokuwa nyuma yake, nafasi pana kiasi cha mtu mzima, ambayo ilikuwa ikipanuka kidogo na kusinyaa kidogo, ikipanuka na kusinyaa, kwa utulivu, kama kitu kinachopumua.

Aliukata mkanda. Ulikuwa mgumu, mkasi uliteleza mara mbili ukamjeruhi kidole, na kitu fulani karibu na sikio lake kilinukia sufu. Mtoto alimwangukia mikononi akiwa mzito na baridi kama nyama ya friza. Kiunoni, juu ya gauni la njano, zilikuwa alama mbili za maji: vidole vitano, vidole vitano.

Priscah hakungoja skrubu. Alichukua namba kwenye risiti ya gari akampigia Kataliko.

"Mama, mi nilimuambia bwana yako," Kataliko alisema, sauti chini kama aliye kazini. "Ye alicheka. Alifunga?"

"Alifunga."

"Ayayayaa. Bon, sawa. Niko na dada yangu mukubwa huko kwenu, Beechmont. Njo ye alinifundisha niache ilie. Nitamutuma."

Dada yake, Mama Dative, alifika na basi, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Hakuleta chupa wala kitabu. Alimshika Claris mikono, akaenda bandani, akasimama mlangoni bila kuingia, akanusa, akarudi kuketi jikoni mbele ya Gitonga aliyekuwa amerudi, amekaa na skrubu zake mapajani.

"Papa, ni wewe ulimufunga?"

"Kengele ilikuwa..."

"Sikuuliza kengele. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na kwa kinywa? Kuna mwenye alisema ni yake?"

Priscah alijibu kwa niaba ya mumewe: mbele ya kanisa zima, na vyote vilivyomo.

Mama Dative alifumba macho. "Ninyi watu mulisoma! Kataliko alikaa na hii gari mwaka muzima. Hakumufunga, na hakusema siku hata moja ni yangu. Alisema ni ya kuuzwa. Huyu hana kwao. Anafuata kinywa yenye kumuita. Mukiuza gari, gari itaenda, ye atabaki na huyu mutoto."

"Tufanye nini, mama?" Priscah aliuliza.

"Mwenye alipokea mbele ya watu, akatae mbele ya watu. Na aseme ukweli yote: alinunua kwa nani, aliambiwa nini, alizarau nini. Yote, Papa. Akishakataa, atatafuta kinywa ingine, asikute. Watu wanyamaze. Donc, hakuna mutu aseme amina, hakuna mutu aseme nini. Ataenda na baridi yake." Alisimama, akatazama saa. "Kesho. Mutoto hawezi kungoja ile Jumapili ingine."

Gitonga alilia. Priscah aliyaamini machozi yale, na hilo baadaye alilihesabu kuwa upumbavu wake mwenyewe.

Jumapili alimwona akipanda jukwaani bila glavu. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Claris alikuwa ameketi kando ya mama yake, sweta mbili, midomo ya kijivu.

"Ndugu zangu," Gitonga alianza, "kuna jambo sikuwaambia kuhusu gari lile."

Kanisa likatulia. Priscah alimshika mtoto mkono. Sema, aliwaza. Sema tu.

"Gari lile..." Alitazama viti. Wanaume wa kundi lake walikuwa mstari wa pili, wote, mwenye boti na mwenye nyuki, na mmoja alikuwa ameinua simu anamrekodi. Priscah aliona kwa macho yake uso wa mumewe ukibadilika. Mabega yakapanda, kidevu kikatoka mbele, na tabasamu la ushuhuda likarudi mahali pake kama nzi kwenye sahani.

"Gari lile halikuwa langu! Bwana amenisemesha. Amesema, Gitonga, nilikupa ili unipe. Leo namtolea mtumishi wake, Pasta Mwaura. Nalikataa, liwe lake!"

Kanisa liliruka juu. Priscah alisimama akapiga kelele, "Nyamazeni! Msiseme kitu!" lakini nani angemsikia, ilikuwa kelele moja kati ya kelele mia mbili, na waliokuwa karibu walidhani ameshukiwa na Roho. Pasta Mwaura alikuwa tayari ameinua mikono, macho yamefumba, uso unang'aa kama sufuria.

"Napokea gari hili na vyote vilivyomo!"

"Tunapokea!" kanisa likaitikia.

Mia mbili, Priscah aliwaza. Acha wagawane. Mia mbili, na mchungaji wa kwanza. Alikuwa bado anajishika na wazo hilo, lenye dharau na nafuu ndani yake, alipohisi mkono mdogo ukichomoka ndani ya mkono wake.

Claris alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono ya sweta juu, kama alivyofundishwa shule ya Jumapili.

"Napokea!" alisema mtoto, kwa Kiswahili safi kabisa.

Gitonga alibaki kanisani kukabidhi ufunguo na kupigwa picha. Priscah alimbeba Claris hadi kwenye gari lake la kila siku, kigari cha rangi ya fedha kisicho na mradi wowote, akamfunga kwenye kiti chake cha nyuma, akatoka pale maegesho kwa kasi. Mikono ya mtoto ilikuwa imepata joto kidogo. Alikuwa hata anaimba. Kwenye taa za kwanza Priscah alijiruhusu kupumua.

Ting.

Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti cha kuume. Bila shaka. Aliunyakua akautupa nyuma, miguuni pa mtoto.

Ting. Ting. Ting.

Kiti kilikuwa kitupu. Kioo cha upande ule kilikuwa kimeanza kupata ukungu, kutoka ndani, kwenye kimo cha mdomo wa mtu.

"Mama," Claris alisema kutoka nyuma, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake adabu. "Usipomfunga, mimi nitamfunga."

Kisha Priscah, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani, alisikia kifungo cha mkanda wa kile kiti cha mtoto nyuma yake kikifunguka.