Kaka wa Kwenye Fremu ya Mlango

Siku hiyo ilianza kama zote. Mama Mdogo, aliyebandikwa jina la Digrii na majirani wasio na haya, alikuwa jikoni akiosha vyombo vya dada yake, simu kaiweka juu ya rafu isije ikaloa. Miaka minne anasubiri simu hiyo ilie. CV mia moja na ushee zimekwenda, na majibu yakija ni yale yale: We regret. Mnasikitika nini, na hata jina mmelikosea?

Saa saba binti wa dada yake, wa miaka tisa, akarudi kutoka shule. Sketi imelowa. Ananuka choo.

"Wamenifungia chooni tena," akasema.

"Wale watatu?"

"Bosi na wenzake."

Mama Mdogo alishakwenda kwa mwalimu mkuu mara mbili, na mara zote aliambiwa watoto hutaniana. Ofisi ile ina feni, ina vikombe vya ushindi, ina kila kitu isipokuwa masikio.

Akakausha mikono. "Kesho waambie una kaka."

"Sina."

"Na mimi sina uzoefu wa miaka mitano, lakini kwenye CV ninao. Waambie ni mrefu. Anachechemea. Ana kovu kidevuni. Hasemi hata neno, na anayemchokoza mdogo wake naye husahau kusema."

Mtoto akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Ili uongo ushike, Mama Mdogo akachukua penseli, akaenda kwenye fremu ya mlango wa sebuleni anakopimwa mtoto urefu kila mwaka, akachora mstari juu kabisa ya ule wa mtoto. "Huyo hapo, kaka mtu."

Kesho yake sketi ilirudi safi. Keshokutwa pia. Mama Mdogo akajipongeza: hatimaye shahada imezaa kitu.

Siku ya nne, mchana kweupe, mwalimu mkuu akaja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Mzuieni kijana wenu asije tena shuleni."

"Kijana gani, Mwalimu?"

Akashusha sauti. "Anayechechemea. Jana tumewakuta wale watatu chooni, komeo limefungwa kwa nje. Mpaka sasa hawajasema neno. Wamekaa tu, wameshika videvu."

Alipoondoka, Mama Mdogo alichukua kitambaa chenye maji, akausugua ule mstari. Haukutoka upesi. Akasugua mpaka rangi ya fremu ikabanduka.

"Usimfute, Mama Mdogo," mtoto akanong'ona nyuma yake.

"Ni uongo wangu. Nimeutunga mwenyewe, naufuta mwenyewe."

"Hapendi kuitwa uongo."

Ukumbini, hatua. Kimya. Kisha mguu unaoburuzwa.

Mama Mdogo hakugeuka. Alimtazama mtoto tu. Mtoto alikuwa anatabasamu, macho kayainua juu, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

Hatua zikakoma. Kidevu cha Mama Mdogo kikaanza kumwasha.

Simu ikalia jikoni. Akaikimbilia, mikono inachuruzika maji.

"Tunapiga kuhusu maombi yako ya kazi," ikasema sauti ya mama mmoja, ya upole. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Akafungua mdomo.

"Halo? Dada, unanisikia?"

Akaufungua tena. Hewa tu.

"Basi. Tutampigia anayefuata."

Jioni dada yake alitoka kazini akamkuta kwenye kochi, mkono kidevuni. Akaegemea mlango kuvua viatu, akaona fremu imelowa, na juu yake mstari wa penseli, upana wa kidole kimoja juu ya pale palipofutwa.

"Mmempima nani huyu?" akauliza, akicheka.

Mdogo wake hakujibu. Hajajibu chochote mpaka leo. Mtoto hachokozwi na mtu. Hata walimu humpisha njia.

Fremu imeshapakwa rangi mara tatu. Mstari hurudi, kila mara kidole kimoja juu. Umebakiza vidole viwili kufika kizingiti cha juu.